Mti uliogeuka jiwe au jiwe la mistari tu? Vipande vya Mazeras

Kokoto_Kwale: Wakuu, kwenye vifusi vya machimbo ya mawe ya Mazeras, Pwani ya Kenya, kuna vipande vyenye mistari kama mbao, kahawia na kijivu. Vingine vina duara ndani ya duara kama gogo lililokatwa. Mawe yale ya mchanga yanajulikana kuwa na miti ya kale iliyogeuka jiwe, lakini si kila chenye mistari ni mti. Bila maabara, natofautishaje?

Lenzi10: Mistari ya ubavuni iache kwanza, ndiyo inayodanganya wengi. Angalia kichwani, pale ambapo msumeno ungepita kukata gogo. Sugua na maji kwa brashi ya plastiki. Ya waya huacha chuma kwenye jiwe ukadhani ni rangi yake. Kikiwa bado kimelowa, mulika tochi kutoka pembeni na utazame kwa lenzi ya mara 10.

Miti ya Mazeras ni ya jamii ya misonobari, na mbao zake zilizogeuka jiwe huitwa Dadoxylon. Seli zake hazifiki sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo tafuta mpangilio, si tundu moja moja: safu nyembamba zilizonyooka kutoka kati kwenda nje, zikizikata pete. Pete peke yake si ushahidi. Na zikikosekana pia usikate tamaa, maana mti ulioota pasipo na misimu mikali huwa hauna pete za wazi.

Hayo maduara yako nayatilia shaka. Maji yenye chuma yakipenya jiwe la mchanga huacha mikanda ya kutu inayofanana sana na pete. Ukiona chembe za mchanga kati ya mkanda na mkanda, hilo si gogo. Mchanga ndani ya mti hukaa kwenye nyufa tu.

Patasi: Jaribu pia kukwaruza. Mti uliojaa silika (madini yale yale ya mchanga mweupe) una ugumu wa karibu 7 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, unachora kioo, na kisu cha kawaida (5.5 hivi) hakiuchubui. Kisu kikiacha mstari wa kung'aa, ufute kwa kidole kilicholowa: ukitoka, ni chuma cha kisu, jiwe halijaumia. Kwaruza sehemu iliyovunjika karibuni, ganda la nje huwa limelainika kwa jua na mvua.

Halafu dondoshea siki. Ikitoa povu ni chokaa, tupa.

Lenzi10: Hapo kwenye kutupa sikubaliani, Patasi. Iko miti iliyojaa chokaa badala ya silika, nayo hutoa povu. Povu linakwambia madini, halikwambii kama ni mti. Linafaa zaidi ufukweni, kwa ile mirija ya chokaa iliyoganda kuzunguka mizizi ndani ya mchanga wa kale. Mzizi wenyewe ulishaoza, hakuna seli ya kuangalia.

Patasi: Sawa, nimekubali. Kuhusu uzito: weka ndoo ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ning'iniza jiwe kwa uzi lizame bila kugusa chini. Jiwe la gramu 530 likisomeka 200, gawanya: 2.65, ambayo ni silika. Ikizidi 3, shuku chuma. Ila jiwe la mchanga lililoshikana nalo halipishani sana na 2.65, kwa hiyo mwamuzi bado ni lenzi.

Mwamba_Mkuu: Kabla hujabeba chochote: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inalinda visukuku, na miti hii imo. Piga picha ukiweka rula kando, chukua majira ya GPS (namba za mahali kilipo), kiache pale pale, kisha uwaarifu Makumbusho ya Taifa. Kwa Pwani, makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, ni karibu.

Kokoto_Kwale: Shukrani. Vyote vya duara vina chembe za mchanga. Kipande kimoja kirefu kina safu, na zinakata pete. Sijakigusa tena.