Mwongozo unasema chmod 1755 inafanya programu iwake haraka, hii kitu bado ipo kwenye Linux kweli?

fundi_seva
Wakuu habari za jioni. Nimepewa kazi ya kupitia mwongozo wa seva hapa ofisini, ni mafaili ya kitambo yamepita kwa watu wengi na kila aliyeondoka kaacha kipande chake. Sasa kwenye ukurasa wa ruhusa za mafaili wameandika eti biti ya 1000, ile stiki, ukiiweka kwenye programu inayotumika sana yaani chmod 1755 (chmod ndo amri ya kubadili ruhusa), basi Linux inaibakiza kwenye memori hata ukiifunga ili ikiitwa tena iwake faster. Chini yake kuna nyingine, folda ikiwa na ile s ya grupu (2000, inayofanya mafaili mapya humo yachukue grupu la folda) ukitaka kuitoa piga chmod 0755 na imeisha. Ya kwanza nimejaribu kwenye Debian sioni tofauti yoyote, ya pili ndo inanivuruga maana s imegoma kutoka kabisa. Bosi anasema kama iliandikwa ina sababu yake tusiguse. Nifute au niache?

mzee_wa_tereminali
Mkuu ya kwanza ilikuwa kweli, ila sio kwa Linux. Hiyo biti imetoka kwenye Unix toleo la 5, mwaka 1974 huko Bell Labs. Diski zilikuwa pole pole mno, kwa hiyo programu yenye biti hiyo mtu wa mwisho akiifunga ile sehemu ya kodi haikutupwa, iliachwa kwenye swapu, yaani eneo la diski la kusaidia memori, ikiitwa tena inavutwa kwa mkupuo badala ya kuokotwa block moja moja kwenye diski. Angalia vizuri, ni swapu sio RAM, kwa hiyo aliyewaandikia hapo ofisini alishachanganya toka mwanzo.

Siku hizi kerneli, yaani kiini cha mfumo, yenyewe inahifadhi kurasa za mafaili kwenye memori kadri nafasi ilivyo, huhitaji kuiomba. Linux ikikuta stiki kwenye faili la kawaida inapita tu kama haijaona.

Inapofanya kazi ni kwenye folda, na maana hiyo ililetwa na 4.3BSD mwaka 1986. Piga ls -ld /tmp utaona drwxrwxrwt, hiyo t ya mwisho ndo yenyewe. Watu wengi hawajui kwamba kufuta faili hakutegemei ruhusa za faili, kunategemea ruhusa ya kuandika kwenye folda lililomo, sasa /tmp kila mtu anaandika, bila t mimi ningeweza kufuta vyako vyote hata kama umeviwekea 600, yaani wewe tu ndo unasoma na kuandika. Ikiwepo t anayefuta au kubadili jina ni mwenye faili, mwenye folda, au root basi.

kijana_wa_bsd
Naunga mkono ila fundi usije ukaandika "haifanyi kazi popote" ukazaa kosa jipya. Solaris faili lisilo na x (ruhusa ya kuendeshwa kama programu) likiwekwa stiki, data zake hazipitishwi kwenye kashe ya kurasa, ilikuwa kwa ajili ya mafaili ya swapu. FreeBSD nayo yuza wa kawaida akijaribu kuiweka kwenye faili anakataliwa na erra ya EFTYPE, root tu ndo anaruhusiwa. Andika jina la mfumo kwenye kila sentensi, shida ya hizi nyaraka zetu ni kusema "Unix inafanya hivi" halafu msomaji hajui Unix ipi

Dada_Mizizi
La pili nalijibu mimi maana limenisumbua sana. Ile chmod ya GNU, ndo iliyo kwenye Debian yako, ukiipa namba kwenye FOLDA inaacha setuid (s ya mwenye faili) na setgid (ile s ya grupu) kama ilivyozikuta, makusudi kabisa, ili mtu akipiga 755 kwa mazoea asivunje folda la grupu ambalo watu wanashea. Kuziweka kwa namba unaweza, kuzitoa ndo haikubali hata uandike 0755. Tumia chmod g-s, au uongeze sifuri iwe 00755, ila hiyo ya sifuri ni mambo ya GNU kwa hiyo kwenye mwongozo weka g-s, inaeleweka kila mahali. Na kwenye FreeBSD 0755 inaitoa vizuri tu, nahisi aliyeandika alitokea huko. Halafu ukishaitoa, mafaili yaliyoundwa kabla yanabaki na grupu lile lile, usidhani yatajirudi.

fundi_seva
Aisee asanteni sana. Nimeandika hivi: "Kwenye Linux biti ya 1000 haina kazi kwenye faili la kawaida. Kwenye folda inazuia mtu kufuta au kubadili jina la faili lisilo lake, isipokuwa mwenye folda na root. Kutoa setgid kwenye folda tumia chmod g-s." Kuna sehemu nyingine wamesema root anaandika faili lolote ndani ya /tmp, hiyo naiacha?

mzee_wa_tereminali
Usiiache. Kuanzia kerneli 4.19 kuna fs.protected_regular, mpangilio unaozuia kuandika faili la mtu mwingine kwenye folda kama /tmp, na systemd 241 (programu inayowasha huduma za mfumo) ikaja inaiwasha yenyewe. Ikiwa imewashwa, root akipiga echo x > /tmp/faili_la_mtu anapewa Permission denied, kisa ile > inafungua faili kwa O_CREAT, yaani liundwe kama halipo, na folda lina t na kila mtu anaandika humo. Watu wanalaumu diski bure. Angalia kwa sysctl fs.protected_regular, ikitoa 0 haijawashwa.

Dada_Mizizi
Na kabla hujamrudishia bosi piga find / -xdev -type f -perm -1000 kwenye kila seva, kama kuna waliofuata huo mwongozo utawaona. Hazina madhara ila zitoe kwa chmod -t, atakayekuja baadaye akiziona ataanza tena kutafuta sababu yake