Filamu niliyoilipia wameifuta, na DVD nazo wanatuulia!

Wakuu, leo nina hasira na sitapaka mafuta maneno.

Filamu niliyoilipia bei kamili, si kukodi, imeondolewa kwenye akaunti yangu ya duka la filamu la mtandaoni. Kava halipo, jina halipo. Kuwauliza huduma kwa wateja, jibu: mkataba wetu na mwenye hakimiliki umekwisha. Sasa huo mkataba wenu mimi unanihusu nini? Hela mlichukua yangu! Na kurudishiwa hakuna, eti nisome masharti.

DVD zangu za zamani zipo palepale. Ikikwama naitoa, naifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje (msifute kwa kuzungusha, mtaongeza mikwaruzo), nairudisha kwenye deki, picha inaendelea. Haiulizi nywila wala intaneti, na hakuna kampuni ya kuja kuichomoa usiku nimelala.

Ndiyo maana hawaitaki. Netflix, walioanza kwa kutuma DVD kwa posta, walifunga huduma hiyo Septemba 2023. Best Buy, maduka makubwa ya elektroniki Marekani, wakaacha kuuza DVD na Blu-ray (diski zenye picha kali kuliko DVD) mwaka 2024. Deki za Blu-ray nazo, Samsung walishajitoa soko la Marekani tangu 2019. Lenzi ya deki ikichoka, nyingine tutaipata wapi? Utabaki na kabati zima la filamu zako halali usizoweza kuzitazama.

Kwenye magemu ndiyo wametuvua nguo kabisa. The Crew, gemu la mbio za magari, watu waliinunua kwenye diski, wakaishika mkononi, lakini Ubisoft, kampuni iliyoitoa, walipozima seva 2024 haikuchezeka tena, hata ukicheza peke yako. Switch 2, mashine ya magemu ya Nintendo, nayo ina kadi za gemu ambazo gemu lenyewe halimo. Unachomeka kadi, kisha unaambiwa pakua. Kasha la nini basi?

Na wasituambie watu hawataki tena vitu vya kushika. Mwaka 2022 Marekani ziliuzwa santuri kama milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuipita CD kwa idadi tangu 1987. Santuri! Ilishazikwa ile, wasikilizaji wakaifukua wenyewe.

Tunachotaka ni kidogo: filamu ikitoka, itoke na diski yake, deki ziendelee kutengenezwa, na mliyemfutia alichokilipia mrudishieni hela yake yote. Nani mwingine humu amefutiwa? Na kuna aliyewahi kurudishiwa hata senti? Semeni alifuata njia gani, maana mimi siachi.