Mashine ipi itakata ekari 150 za malisho ndani ya wiki moja?

Mfugaji wa Kongwa

Ndugu zangu wafugaji, naomba ushauri katika jambo ambalo limenitia hasara misimu miwili mfululizo. Nina ekari 150 za malisho wilayani Kongwa. Sehemu kubwa ni nyasi aina ya Cenchrus nilizozipanda mwenyewe, na zilizobaki ni nyasi za asili. Kazi yote ya kukata hufanywa na trekta moja ya nguvu za farasi 75 inayovuta slesha, yaani mashine ya kufyekea nyasi kwa visu vinavyozunguka, yenye upana wa mita moja na nusu. Mwaka huu tulianza kukata wiki ya mwisho ya Aprili, mvua zikiwa zinaaga na nyasi ndiyo kwanza zinatoa masuke. Tulimaliza siku ya 23, na ekari arobaini za mwisho zilikuwa zimekwisha kuwa fito. Ng'ombe wa maziwa walizichambua horini, wakala majani machache na kusukuma mabua pembeni kwa pua, nami nikajua kwamba nimelipia dizeli, kamba na vibarua kwa ajili ya matandiko ya zizi.

Nataka msimu ujao nimalize kukata ndani ya siku saba. Nimefikiria kununua trekta ya pili iliyotumika pamoja na slesha nyingine, au kubaki na trekta yangu na kununua mashine ya madramu mawili yanayozunguka na visu vyake, au kujikaza ninunue mashine ya diski, yenye visu kwenye sahani bapa zinazozunguka, yenye upana wa mita 2.4. Fedha zangu zinatosha njia moja tu kati ya hizo. Shamba ni tambarare, lakini lina vichuguu na visiki vya migunga vilivyofichwa na nyasi. Aliyewahi kutumia zana hizi kwenye ardhi ya namna hii naomba anieleze bila kunionea haya.

Mkata Majani wa Siha

Ndugu yangu, pole kwa msimu huo. Kabla hujatoa fedha, fanya hesabu ninayoifanya mimi kila ninapoonyeshwa mashine mpya. Zidisha upana wa mashine kwa mita na kasi ya trekta kwa kilomita kwa saa, kisha gawanya kwa kumi. Utapata hekta kwa saa. Punguza robo kwa ajili ya kugeuza, kupishana kwa mistari na kusimama kuzibua. Slesha yako ikitembea kilomita tano kwa saa inakupa hekta 0.56, yaani ekari 1.4 hivi kwa saa. Kwa siku ya saa nane ni ekari 11, na ekari 150 zinahitaji siku 14 hata kama hakuna kitu kilichovunjika. Wewe ulitumia 23, kwa hiyo kuna siku tisa zilizopotea kwenye matengenezo au kusubiri, na trekta ya pili iliyotumika inaweza kukuongezea siku za namna hiyo badala ya kuzipunguza.

Mashine ya madramu yenye upana wa mita 1.65 haionekani kubwa kuliko slesha yako, lakini inakata vizuri kwa kilomita kumi kwa saa, kwa sababu visu vyake vinazunguka kwa kasi kubwa na kukata bua mara moja badala ya kulipigapiga. Hiyo ni ekari tatu kwa saa, na shamba lako linakwisha kwa siku sita au saba. Diski ya mita 2.4 ikitembea kilomita 12 itakupa ekari zaidi ya tano kwa saa, nawe utamaliza kwa siku nne. Trekta yako inazimudu zote mbili.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitazami. Slesha inafuata nyuma ya trekta, kwa hiyo matairi yanalaza nyasi kabla kisu hakijafika, na nyasi zilizolala hukatwa nusunusu au huachwa kabisa. Madramu na diski hukaa upande wa kulia wa trekta, nayo matairi hupita mahali palipokwisha kukatwa. Tena slesha hukatakata majani vipande vidogo ambavyo reki haiwezi kuviokota. Mimi nilipoachana nayo, shamba lilelile lilinipa marobota mengi zaidi mwaka uliofuata, ingawa mvua haikuwa nzuri kuliko ya mwaka uliotangulia.

Hata hivyo, kasi ya kilomita kumi ni ya shamba lililosafishwa. Pima mita 100 kwa futi kamba na umwambie dereva wako azipite kwa sekunde 36. Hiyo ndiyo kilomita kumi kwa saa. Ikiwa anaruka kitini na kushika usukani kwa mikono miwili kama anayezama, basi ardhi yako haiko tayari kwa mashine yoyote kati ya hizo mbili.

Fundi wa Zana

Nakubaliana na aliyetangulia, nami naongeza kutoka karakana. Kwa shamba lenye vichuguu, chukua madramu. Chini ya kila dramu kuna sahani ya chuma inayoteleza juu ya ardhi, kwa hiyo mashine hupanda kichuguu kidogo na kushuka bila kuumia sana. Diski zimepangwa juu ya mhimili mwembamba wenye gia zinazozunguka ndani ya mafuta. Mhimili huo ukigonga kisiki kwa kasi, gia za ndani zinaweza kukatika meno, na gharama ya kuzifungua na kupata spea zake ni kubwa, achilia mbali siku za kusubiri.

Unapokagua mashine ya mitumba kutoka Ulaya, zungusha dramu kwa mkono na usikilize beringi. Tazama mikanda kama imepasuka pembeni, na uhakikishe kwamba kile kifungo kinachoiachia mashine ijikunje nyuma inapogonga kitu kinafanya kazi, kwa sababu nimekuta kimechomelewa na mtu aliyechoka kushuka kukirudisha. Visu vya dramu moja vibadilishwe vyote kwa pamoja ili uzito ulingane. Shafti ya PTO, ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine, ipakwe grisi kila asubuhi, na usikate kamwe bila turubai la kuzuia mawe, kwa maana jiwe linalotupwa na kisu linaweza kumuua mtu aliyesimama mbali akidhani yuko salama.

Malisho ya Eldoret

Nawasalimu kutoka Uasin Gishu, ambako sisi tunakata nyasi aina ya Boma Rhodes. Ushauri wa mashine ni mzuri, lakini naona hakuna aliyemuuliza ndugu yetu anafunga marobota mangapi kwa siku. Miaka michache iliyopita mimi na kaka yangu tulinunua diski pana, tukakata ekari 60 kwa siku mbili, tukafurahi sana. Mashine ya kufunga tuliyoikodi ilikuwa na uwezo wa ekari 15 kwa siku. Siku ya tatu mvua ilinyesha mchana, ikarudi kesho yake, na nyasi zilizokuwa za kijani zikageuka nyeusi zikiwa zimelala chini. Tuliokoa chini ya nusu.

Kwenu Mei ni kavu kuliko kwetu, lakini hata jua lina gharama yake: nyasi zilizoachwa chini siku nyingi huwa kavu mno, majani yanadondoka reki inapozigusa, na yanayofungwa ni mabua matupu. Kwa hiyo, kata kila siku kiasi kile tu ambacho reki na mashine ya kufunga vitakimaliza kesho au keshokutwa. Jua pia kwamba madramu hukusanya nyasi katika mstari mmoja mnene katikati, na mstari huo hukauka juu huku chini ukibaki mbichi. Utahitaji kuupindua mara moja kabla ya kufunga.

Mfugaji wa Kongwa

Nawashukuru sana, na hasa ndugu wa Eldoret, kwa sababu swali lake limenigusa mahali ambapo sikuwa nimepatazama. Nilikaa na daftari la msimu uliopita. Kwa wastani tulipata marobota 40 kwa ekari, na mashine ya kufunga niliyoikodi ilifunga marobota 900 hadi 1,000 kwa siku ilipokuwa nzima. Hiyo ni ekari 25 hivi, sawa kabisa na kazi ya siku moja ya madramu. Diski ingenikatia ekari zaidi ya arobaini kwa siku, na zilizozidi zingelala juani zikinisubiri.

Leo asubuhi nilimpa dereva ule mtihani wa mita 100. Upande wa mashariki alizipita kwa sekunde 38 bila taabu. Upande wa magharibi alitumia sekunde 70, akasimama mara mbili, na tulihesabu vichuguu 17 katika kipande hicho kimoja. Kwa hiyo sehemu ya fedha itakwenda kwanza kwa vijana wa kubomoa vichuguu na kung'oa visiki kabla ya mvua za Desemba, kisha nitatafuta madramu ya mita 1.65.

Niwaulize jambo moja la mwisho. Ardhi yetu ina mchanga mkali. Wazee wa hapa bado wanasimulia jinsi ulivyokula vyuma vya ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Slesha yangu imekuwa ikikata chini sana, na visu vinakwisha upesi. Nipandishe hadi wapi?

Fundi wa Zana

Kata kwa urefu wa sentimita kumi kutoka ardhini. Kwenye madramu mengi utafanya hivyo kwa kuongeza pete chini ya dramu, kati yake na ile sahani, kwa hiyo muulize muuzaji kama pete hizo zipo kabla hujalipa. Visu vitadumu, vumbi halitaingia kwenye marobota, na kisiki cha Cenchrus kitabaki na akiba ya kuchipua tena. Vilevile nyasi zilizokatwa zitakaa juu ya mabua badala ya kulala kwenye udongo, na hewa itapita chini yake.