Kruzi ya kawaida au ile ya rada, ipi inafaa safari za mikoani?

Njiapanda: Wakuu salama? Naagiza gari Japani, niko kati ya Subaru Forester yenye kamera za EyeSight (zinaangalia gari la mbele na kufuata mwendo wake, kama ile ya rada) na Toyota Harrier yenye kruzi ya kawaida, unaseti spidi tu na gari linaishika bila kukanyaga mafuta. Safari zangu ni Dar–Dodoma. Ile inayopunguza mwendo yenyewe inasaidia kweli kwa barabara zetu au ni mbwembwe?

SegeraBoy: Mkuu Dar mpaka Chalinze sahau kruzi yoyote ile, malori kibao, unaseti 80 hujakaa vizuri kibao cha 50 hiki hapa na trafiki mwenye tochi ya kupima spidi yuko chini ya mwembe. Utamu unaanza ukishaivuka Gairo. Ya kawaida inatosha, goti linapumzika na mwendo haupandi kimyakimya.

Mama Tasha: Mimi niko Kenya, naenda Mombasa mara nyingi, na ya rada siachi. Trela ikiwa mbele gari inashuka nayo yenyewe. Shida ni ile nafasi inayoacha mbele, matatu inajichomeka hapo, gari inavuta breki, unaachia tena nafasi, inaingia nyingine! Weka umbali mfupi kabisa kwa swichi, lakini macho yawe barabarani.

Fundi Waya: Dada amesema kweli, ila kuna kubwa zaidi. Nyingi za hizi zinafuata gari linalotembea, lori lililokufa barabarani na matawi yametandazwa nyuma yake zinaweza zisilione kabisa ukiwa spidi kubwa, usizitegemee hapo. Halafu ya kamera ukibadilisha kioo cha mbele lazima ipimwe upya kwa mashine, na ya rada usifunge bampa la chuma mbele yake. Ya kawaida nayo nyingi hazikanyagi breki, zinapunguza mafuta tu, kwa hiyo mteremko kama Kitonga gari linazidi spidi uliyoseti, zima ushuke na gia. Mvua ikinyesha zima zote.

SegeraBoy: Fundi umegusa penyewe. Mi naongezea swichi, watu hawaziangalii wakati wa kununua. Kile kijiti cha Toyota za zamani chini ya usukani kulia hakina mpinzani: bonyeza ncha kuwasha, shusha kuseti, pandisha kurudisha spidi uliyoseti mwanzo, vuta kwako kufuta. Usiku wa manane unakitumia bila kutazama. Zile za vitufe kumi vinavyofanana kwenye usukani, unatafuta cha kufuta unabonyeza cha kurudisha, uko kijijini watoto wanavuka na gari linakimbilia 100.

Njiapanda: Aisee hiyo ya kurudisha spidi sikuifikiria. Fundi, hapo Dar kupima kamera wanaweza?

Fundi Waya: Wenye mashine wapo ila wachache, ulizia kabla hujalipia gari. Na muuzaji akutumie picha ya dashibodi imewaka, taa ya EyeSight ikiwa ya njano usinunue. Kwa njia yako ya Dodoma ningechukua Harrier yenye kijiti.

Mama Tasha: Mimi bado Forester. Usiku umechoka, ile kengele ya kukwambia umekaribia gari la mbele inafaa pesa yote.