Mjadala: Ezana abatizwe kwa kurusha dadu?

Fundi Meza
Wakuu, natengeneza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Wachezaji wanne na mwendeshaji, mahali Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia na Eritrea za leo, kuanzia miaka ya 330 hadi 356. Mfalme Ezana bado anajiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita. Pembeni yake yuko Frumentius, yule kijana Mkristo wa Tiro, mji wa pwani ya Lebanoni ya leo, aliyenusurika wenzake wa melini walipouawa, akaishia kushika hesabu za ikulu. Kila anayetaka kumshawishi mfalme anarusha dadu mbili, akipata 8 au zaidi amefaulu. Frumentius akiwepo, upande wake unaongezewa 2. Swali: ni sawa mchezo ukaisha Ezana amekataa Ukristo?

Nahodha wa Adulis
Kabla ya usawa wa dini, angalia hesabu. Kupata 8 na kuendelea kwa dadu mbili ni njia 15 kati ya 36, asilimia 42 hivi. Ukiongeza 2 zinakuwa njia 26, asilimia 72. Atakayecheza kuhani wa Mahrem ataishia kuchezea simu. Futa hiyo nyongeza, mpe kila mmoja silaha yake. Frumentius ana funguo za hazina na masikio ya malkia aliyeshika nchi mfalme akiwa mtoto. Kuhani ana wafu wa ukoo na nguzo zao za mawe za makaburini. Ile kubwa kuliko zote ni mita 33, tani 520 hivi, na iko chini vipande vipande. Hapo pana vikao vitatu vya mchezo bila kugusa ubatizo.

Shemasi Mdogo
"Frumentius anaongezewa 2." Kama vocha! Huyu ni Abba Salama, Wahabeshi wanamwita Kesate Berhan, mfunua nuru. Kuna watu wanamwomba leo asubuhi hii, nyie mnampangia alama.

Mkusanya Sarafu
Shemasi, tulia. Kosa la Fundi ni kuweka kilele mahali pasipo na ushahidi. Hakuna anayejua siku Ezana alipobatizwa. Tunachokijua kiko kwenye mawe: maandishi ya mwanzo yanamtaja Mahrem, ya baadaye kwa Ge'ez, lugha ya wenyeji, yanamtaja Bwana wa Mbingu bila kumtaja Kristo, na ya Kigiriki yanataja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mfalme anaongea na wageni hivi, na wenyeji vile. Mgogoro wenye meno ni wa karibu 356: Kaisari Constantius II anamwandikia Ezana na ndugu yake Sazana wamrudishe Frumentius Misri akahojiwe imani, kwa kuwa aliwekewa mikono na Athanasius, askofu wa Aleksandria na hasimu wa Kaisari. Huo ndio mchezo: wote mezani Wakristo, barua iko mkononi, na meli za Roma ndizo wateja wa pembe zenu za ndovu. Anayeona dadu zinamchafua mtakatifu akacheze karata tatu stendi.

Mwana Mrima
Karata tatu umetaja wewe. Dadu na karata ni mama mmoja, baba mmoja. Hadithi ya nardi, mchezo wa kale wa dadu, imo katika Sahihi Muslim, na wanazuoni wengi wanaikataza hata pasipo dau. Mnataka vijana wa pwani wacheze, halafu mnaanza na chombo cha kamari?

Mkusanya Sarafu
Kamari ni dau, shehe. Hapa hakuna hata shilingi. Na barua je?

Mwana Mrima
Shehe ni wa msikitini kwenu. Nimesema wanazuoni wengi, sikusema mimi.

Nahodha wa Adulis
Yaishe. Tumieni kauri nne. Zikirushwa, hesabu zilizolala mdomo juu: mbili au zaidi ni njia 11 kati ya 16. Ila kauri mbichi ina mgongo wa duara, haianguki sawasawa. Sugua mgongo kwenye jiwe mpaka ukae bapa, kisha jaribu kila moja mara 100. Ikitoka mdomo juu chini ya mara 40 au zaidi ya 60, weka kando.

Mwana Mrima
Umetoa kamari umeleta ramli.

Shemasi Mdogo
😂 Kwa hili niko na Mrima. Abba Salama apigiwe bao na mganga?

Kete Namua
Basi komwe, zile za bao. Kumi kwenye mfuko, nne nyekundu, sita nyeupe. Chota mbili bila kuchungulia. Ikitoka nyekundu hata moja umefaulu, ambayo ni asilimia 67. Hazirudishwi mpaka mfuko uishe, kwa hiyo mkosi wa leo ni akiba ya kesho. Kosa la kawaida ni kupaka rangi zile nne tu: kidole kinaijua rangi, mchezaji wa tatu atakuwa anachagua. Paka zote kumi, tabaka mbili za rangi kila moja, zikauke usiku kucha. Imani ya ikulu ionyeshwe kwa visahani sita, upande mmoja mwezi na duara kama sarafu zake za awali, wa pili msalaba kama za baadaye. Ushindi mmoja, geuza kimoja.

Mwana Mrima
Mwezi ndio upande wa wapagani?

Mkusanya Sarafu
Mwezi huo ulikuwa kwenye dhahabu ya Aksum zaidi ya miaka 250 kabla ya Waislamu wa kwanza kukimbilia kwa Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Haukuhusu.

Mwana Mrima
Najashi naye mtamtia mfukoni?

Nahodha wa Adulis
Najashi ni 615, mchezo unaisha 356. Soma swali.

Fundi Meza
Swali langu lilikuwa kama Ezana anaweza kukataa. Naona barua ya Constantius ni nzuri, nitahamia huko. Lakini Frumentius achezwe na mchezaji, au abaki kwa mwendeshaji?

Shemasi Mdogo
Asichezwe na yeyote. Azungumziwe tu, yuko chumba cha pili.

Kete Namua
Mfuko uwe wa kaniki. Kitambaa chepesi kinaonyesha nyekundu mkiwa chini ya taa.