Mrejesho: saa ya meli na saa ya bandarini

Wakuu, niliuliza kabla ya kuondoka Dodoma: meli ya utalii ikipita nchi tofauti, nifuate saa ipi? Asanteni, jibu ni moja: saa ya meli, ile iliyo kwenye ratiba ya kila siku inayoletwa chumbani.

Simu ndiyo inayoponza watu. Ikishika mtandao wa nchi kavu inajibadilisha. Kiangazi Ugiriki iko sawa na Dodoma, Italia iko nyuma saa moja. Meli ikiwa imebaki na saa ya Ugiriki na mwisho wa kupanda ni 16:30, simu bandarini Italia itasoma 15:30. Utadhani una saa nzima, kumbe ngazi inaondolewa.

Ingia mipangilio, tarehe na saa, zima saa za eneo za kiotomatiki, chagua mwenyewe. Saa ya mshale, hata ya soko la Majengo, ni bora zaidi: vuta kifundo, iweke sawa na ya mapokezi, usiiguse mpaka meli itangaze mabadiliko.

Halafu 16:30 ni saa kumi na nusu jioni. Toa sita kwa makini, hasa ukimwelekeza mzazi.