Volti 13.8 au 14.4: ipi sahihi kwa betri ya risasi ya volti 12?

Mwuliza swali: Ndugu wanajukwaa, nina betri ya maji ya volti 12, ampea-saa 100, na chaja isiyopanda kupita volti 13.8. Asubuhi mita husoma 13.8 kwenye vichwa vya betri, nami huamini imejaa, ilhali nikiiwekea mzigo huishiwa nguvu mapema. Fundi mmoja ananishauri nipandishe hadi 14.4; mwingine anasema nitaichemsha. Nimfuate yupi?

Jibu: Kila mmoja anazungumzia hatua yake. Namba unayoisoma chaja ikiwa imewashwa ni ya chaja, si ya betri. Ichomoe, iache betri ipumzike saa kadhaa bila mzigo, ndipo upime: yenye seli sita nzima, iliyojaa, husoma kati ya 12.6 na 12.8. Volti 14.4 hadi 14.8 huijaza betri ya maji, na 13.5 hadi 13.8 huitunza ikishajaa. Kwa 13.8 pekee kujaa huchukua muda mrefu mno, na betri inayoachwa nusunusu mara kwa mara huota fuwele ngumu za salfeti ya risasi kwenye bamba zake, uwezo ukapungua. Nashuku yako imefika huko.

Jibu: Naafiki, ila volti peke yake haisemi yote. Ikifika 14.4, tazama mkondo: utaanza na ampea 10 hivi, kisha utashuka taratibu, na ukitulia kwenye ampea 1 au 2, betri imejaa, hapo chaja irudi chini. Viputo utakavyoviona si kuchemka, bali ni maji yanayogawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Kwa hiyo pawe na hewa ya kutosha, cheche zikae mbali, na kinachopungua kifidiwe kwa maji yasiyo na madini, kamwe si tindikali.

Mwuliza swali: Nashukuru. Mchana betri yenyewe hufikia nyuzi 35 za Selsiasi. Je, namba hizo hubaki vilevile?

Jibu: Hazibaki, kwa kuwa zimekadiriwa kwa nyuzi 25. Punguza takriban milivolti 4 kwa kila seli kwa kila nyuzi inayozidi: kwako ni volti 0.24, yaani 14.4 inakuwa karibu 14.2. Chaja nyingi zenye kihisi cha joto hufanya hesabu hiyo zenyewe, mradi kihisi kigusane na betri, si ukuta.